USIIVUE! Hiyo diski ya 4TB iache kwenye kava lake (yamenikuta Moshi)

Mkuu, kama hujaanza, weka bisibisi chini. Kama umeshaanza, ishia hapohapo ulipofika, usibonyeze kitu, soma hapa kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada yuko Sakina, Arusha. Ana kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core 2 Duo, BIOS (ile programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya zamani, Windows 7. Ana diski ya nje ya 4TB imejaa kazi zake, anataka kuivua kava aifunge ndani ya mashine kwa waya wa SATA (ule wa kuunga diski za ndani) maana USB inamchosha. Anauliza mashine kama hiyo mwisho wake ni TB ngapi, pawasapulai (ile inayogawa umeme ndani ya mashine) ya zamani itahimili au la, na kama ni kweli alichoambiwa na jamaa yake anayekuja jioni hii kwamba "ikigoma kusoma, ifomati tu, itakaa sawa".

Huyo jamaa muulize kama ana duka la majeneza pembeni.

Mimi niko Moshi, nashika kamera za sherehe. Harusi, sendofu, kipaimara, ubatizo, na Desemba watu wakirudi nyumbani kutoka Dar na kwingine silali. Kila kazi ninayopiga naihifadhi, kwa sababu mteja wa huku hupotea miaka minne halafu anakupigia usiku anataka kile kipande ndafu inapoingia ukumbini na shangazi yake anacheza mbele. Nikawa na diski ya nje ya 4TB, ile kubwa ya mezani yenye adapta yake ya umeme, nimejaza 3.4TB. Kazi ya miaka minne. Nakala ya pili? Usiniulize. Nilikuwa mjanja sana, wajanja hawaweki nakala ya pili.

Shida yangu ilikuwa kama yako. Mashine ya zamani, USB 2.0, inapitisha megabaiti thelathini na kitu kwa sekunde. Kuhamisha harusi moja ya GB 120 ni saa nzima umekaa unaangalia kile kimstari cha kijani. Nikasema diski ni diski, nikiivua nikaichomeka ndani itaenda mbio. Nikabeba mashine na diski nikampelekea fundi mmoja hapa mjini. Simtaji, na kibanda chake sikitaji, ana watoto wanasoma.

Kava alilifungua kwa kitambulisho chake cha zamani cha shule, anakiingiza kwenye ufa anakipitisha taratibu mpaka vibano vinalia tak, tak, tak. Nilimwona bingwa. Ndani kulikuwa na diski ya kawaida ya inchi 3.5, na kwenye makalio yake kimechomekwa kibao kidogo cha kijani, upande mmoja tundu la USB, upande mwingine tundu la adapta. Akakichomoa, akakiweka mezani kando ya chupa yake ya soda. Hicho kibao kikumbuke, tutakirudia.

Akaunga waya wa SATA, akawasha. Windows ikaleta dirisha: diski hii inabidi uifomati kabla ya kuitumia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema "braza, zima, rudisha kama ilivyokuwa". Sikusema. Nilikuwa najibu meseji.

Akafungua lile dirisha la Windows la kupanga diski. Naliona mpaka leo. Diski moja imekatwa vipande vitatu. Cha kwanza kina mstari wa bluu, kimeandikwa GB 465 na ushee, RAW, yaani Windows haielewi kilichomo. Cha pili mstari mweusi, GB 1582 na ushee, hakijagawiwa. Cha tatu mweusi tena, GB 1678.02, na hicho ukikibofya kwa kitufe cha kulia hakikubali kufanya lolote. Fundi akacheka, akanishika bega: "Braza, pole, umepigwa. Hii ni diski ya GB 500 imechorwa 4TB. Mchina huyo."

Na mimi nikakubali! Nikaanza hata kumlaani aliyeniuzia. Ni kweli kuna flashi na diski feki za namna hiyo mitaani, wengi tumeuziwa. Lakini jiulize swali la mtoto wa darasa la tatu: kama ni GB 500, ile 3.4TB niliyokuwa nafungua wiki iliyopita ilikuwa imekaa wapi? Kwenye soksi? Sikujiuliza. Mtu akivaa koti la ufundi na ana multimita mezani, akili zako unampa akushikie.

Basi akafuta kile kipande cha RAW, akageuza diski nzima kuwa GPT (namna mpya ya kugawa diski), ikatokea GB 3726.02 kipande kimoja. Kumbe si feki tena! "Umeona? Imepona," ananiambia. Dakika tano zilizopita ilikuwa ya Mchina, sasa imepona. Akasema sasa tunaifomati, mafaili tutayarudisha baadaye, programu ipo. Kwenye kile kisanduku cha kufomati kwa haraka kulikuwa na tiki. Akaitoa. Akasema tuifomati kwa kina ili itoe sekta mbovu (sekta ni vile vijipande vidogo ambavyo diski huhifadhia vitu). Akaniuliza, "Nifomati?" Nikajibu, "Fomati."

Hilo neno moja ndilo lililonigharimu kuliko kamera zangu zote.

Kufomati kwa kina 4TB ni kazi ya saa nane hivi. Tukaiacha usiku. Mtaa ule umeme unakatika ukipiga chafya. Unakatika mvua ikinyesha, unakatika isiponyesha. Usiku ule, ndugu zangu, haukukatika hata sekunde moja. Asubuhi nakuta diski safi kama sahani ya mgeni, 3.63TB zote tupu. (Na kabla hujaanza kudai umeibiwa: kwenye boksi 4TB ni baiti trilioni 4, Windows inagawa kwa 1024 mara nne, ndiyo maana inasema 3.63. Hakuna mwizi hapo. Mwizi alikuwa kwenye kiti cha fundi.)

Programu ya kurejesha mafaili ikazunguka siku tatu. Ikaleta sifuri. Sisemi ilileta mafaili yaliyoharibika, ilileta sifuri, na baadaye nikajua sababu: tangu Windows Vista, ukifomati bila ile tiki ya haraka, Windows inaandika sifuri diski nzima mwanzo mpaka mwisho. Ukifomati kwa haraka, inafuta orodha tu na vitu vyenyewe vinabaki chini, mtaalamu anaweza kuvichimbua. Kwa kina, hakuna cha kuchimbua. Ni kama umefyeka shamba ukachoma na visiki.

Sasa kibao. Miezi kadhaa baadaye dogo mmoja anayesoma mambo ya IT alikuja kuhariri kwangu, nikamsimulia kama mtu anavyosimulia msiba. Akanyamaza, akauliza, "Bro, kile kipande cha kwanza kilisema ngapi?" Nikamwambia 465 na ushee. Akachukua simu, akafungua kikokotoo, akazidisha kwa 8. Ikaja 3726. Akanigeuzia kioo nione. Nilitoka nje.

Iko hivi. Jedwali la zamani la kugawa diski, MBR, lilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, enzi za IBM PC XT yenye diski ya MB 10. Jamaa wakaweka biti 32 za kuandikia namba ya sekta, maana nani angefikiria zaidi. Biti 32 zinafika sekta 4,294,967,296. Sekta moja ni baiti 512. Zidisha unapata baiti 2,199,023,255,552, na hiyo ndiyo 2TB unayosikia kila mtu anaisema kama amri ya Musa. Dawa yake ni GPT, yenyewe inahesabu kwa biti 64, diski ya kuimaliza hutainunua wewe wala wajukuu zako. Ila Windows XP ya biti 32 haisomi GPT. Sasa watengenezaji wa diski za nje walitaka kumuuzia na mtu wa XP. Wakafanyaje? Wakakifundisha kile kibao kudanganya. Kompyuta ikiuliza sekta yako ina ukubwa gani, kibao kinajibu 4096 badala ya 512. Mara 8. Kwa hesabu hiyo jedwali lilelile la 1983 linafika TB 17 na ushee, na diski ya 4TB inasomeka hadi kwenye XP bila shida.

Ukiivua kava, mwongo umebaki mezani kando ya soda. Namba kwenye jedwali ni zilezile, lakini sasa mashine inazisoma kwa sekta za 512. Wa huku mtanielewa: babu amekwambia mpaka wako ni hatua mia kutoka kwenye lile sale la kwanza, ule mmea wa mpakani. Hatua za babu. Wewe umempeleka mtoto aliyeanza kutembea juzi ahesabu hizo mia. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kipo, migomba ipo, ila mtoto amesimama katikati ya shamba anasema mpaka ni hapa, na huku kwingine ni pori. Ndiyo zile GB 465. Kipande cha pili ni kutoka hapo mpaka kwenye 2TB ya MBR, na kile cha tatu kilichogoma kubofywa ni kilichovuka hiyo 2TB, MBR haiwezi hata kukiandika.

Diski haikuwa feki, haikuwa mbovu, haikuwa na sekta mbovu. Ilikuwa inasubiri irudishiwe kibao chake. Dakika mbili. Kibao kiko pale mezani, kinatutazama. Hata bila kibao, dogo anasema kwenye Linux, ule mfumo mwingine usio Windows, kuna amri ya losetup, unaiambia isome kwa sekta za 4096, vitu vinafunguka. Hayo yote yalikuwa yanawezekana mpaka ile tiki ilipotolewa.

Nilirudi kwa fundi. Akaniambia, "Braza, si nilikuuliza?" Na kweli aliniuliza. Tena alikuwa ananidai elfu tano ya kazi ya kurejesha mafaili, nikampa. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa.

Wateja wengine niliwarudishia pesa, wengine nikawapigia sherehe ya bure, wengine walinitukana tukaisha. Mmoja ndiye nashindwa. Mama wa Marangu, nilipiga harusi ya mwanawe. Mume wake amefariki, akaja na ile DVD niliyowapa, imekwaruzika inagota katikati, anataka pale mzee anaposimama kuwapa maharusi nasaha. Kaja na mkungu wa ndizi, maana anajua namsaidia. Nikamwambia sina, mama. Akaniuliza, "Hata sauti yake tu, baba?" Nikamwambia hata sauti. Akasema basi, hakuna shida, akaniachia ndizi. Bora angenipiga nazo.

Kwa hiyo mkuu wa Sakina, sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka mniweke kwenye orodha ya kuzuiwa: HAMISHA VITU, USIHAMISHE DISKI. Diski tupu ihamishe utakavyo, ipeleke hata Namanga. Diski yenye vitu haihami nyumba. Ilipojazwa ndipo inaposomewa.

Maana yake kwako: tafuta diski nyingine, nunua au azima, tupu. Hiyo ndiyo unaifunga ndani. Kwenye Windows 7 uifanye GPT na itasomeka yote hata kama mashine ni ya BIOS, mradi ni diski ya kuhifadhia tu. Kinachokataa kwenye BIOS ni kuwasha Windows 7 kutoka kwenye diski ya GPT, hiyo inataka UEFI (mrithi wa BIOS), kwa hiyo Windows yako iache kwenye diski ndogo inakokaa sasa. Ukichomeka diski mpya ya 4TB ikajionyesha GB 1678, au ya 3TB ikasema GB 746, usikimbilie kwa fundi wala kumlaani Mchina; mara nyingi ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na diski) ya zamani ya Intel, ile ya kabla ya toleo la 10.1, imefika 2TB ikaanza kuhesabu upya. Sasisha draiva kwanza, kabla hujaweka hata picha moja.

Kisha ya zamani iache ndani ya kava lake, ichomeke USB, kopi. Ndiyo, USB 2.0. Kwa 3.4TB ni saa 28 au zaidi. Lala. Nenda kanisani. Saa 28 unaona nyingi? Mimi nahesabu miaka.

Ukimaliza usifute kitu. Fungua mafaili yenyewe, ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho, uone yanacheza.

Halafu kuna mwenzetu hapo juu kasema kompyuta za zamani zinagota 137GB. Kaka, hiyo ni vita nyingine, ya namba za sekta za biti 28, na XP kabla ya sasisho lake la SP1 la mwaka 2002. Core 2 Duo ilitoka 2006. Usimtishe mtu.

Na mwingine kasema kava lake alilivua na diski ikasoma vizuri tu. Hongera. Zipo nyingi zinazosoma, kibao chake kilikuwa mkweli. Zipo pia ambazo kibao kinasimba data, yaani kinaifunga kwa ufunguo wa siri, ukiivua hata fundi wa Nairobi hasomi herufi. Na zile ndogo za inchi 2.5, nyingine tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, SATA hakuna, utavunja kava bure. Kwa nje zote zinafanana, nyeusi na kitaa cha bluu. Wewe uliyebahatika usimfundishe mwenzako kamari.

Mleta mada, ukitaka kujua yako iko kundi gani, fanya hivi ikiwa bado ndani ya kava, haiharibu kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, ingia kwenye vifaa vya kuhifadhia, halafu diski, tafuta mstari wa baiti kwa kila sekta. Ukikuta 4096, wewe na mimi ni ndugu, usiiguse. Ukikuta 512, pumua, lakini bado usiivue, kwa sababu ya hao wa kusimba.

Kuhusu pawasapulai, diski moja ya inchi 3.5 haili umeme wa kutisha, kwa hiyo hilo si la kukunyima usingizi. La kukunyima usingizi ni huyo jamaa yako. Amesema anakuja lini? Umeandika "jioni hii". Piga picha ya hiyo msinfo32 na ya dirisha la kupanga diski, ziweke hapa kabla hajafika. Akitangulia kufika na kitambulisho chake cha shule, mwambie umeme umekatika.